Magadi Chini ya Mpapai

Wiki iliyopita nilinunua magadi sokoni Ukunda, ya kupikia majani ya kunde. Muuzaji aliyafunga katika kipande cha gazeti, akaniongezea bonge dogo juu kwa kuwa nilimwamkia vizuri. Nilipofika nyumbani nikakifungua kile kifurushi, vumbi lake likanipanda puani na ulimi ukanikauka ghafla, kama niliyelamba ukuta uliopakwa chokaa. Nikasimama pale jikoni na kijiko mkononi, kunde zikichemka bila magadi. Nilikuwa nimeuona mpapai. Si mpapai wowote, bali ule uliokuwa nyuma ya tanuri la mama yangu, majani yake yakijikunja na kugeuka kahawia moja baada ya jingine, nami nina umri wa miaka tisa, na ninaamini ni mimi peke yangu ninayejua kwa nini unakufa.

Tuliokulia upande huu tunayajua magadi kwa kazi moja. Unajaza sufuria majani ya kunde hadi kifuniko kinakataa kukaa, unatia magadi kidogo, na baada ya muda mfupi unafunua unakuta konzi moja tu chini. Nilipokuwa mdogo niliona ni ajabu kubwa. Niliuliza yale majani mengine yamekwenda wapi, na nyanya yangu akanijibu, "Yameliwa na magadi." Alikuwa anafanya mzaha, nami nililichukua jawabu lile nikaliweka.

Mama aliyajua magadi kwa kazi ya pili. Nyanya alikuwa mfinyanzi wa mkono, wa kuviringisha udongo na kuupandisha kidogo kidogo, kisha kuchoma vyungu uwanjani kwa makuti na makumbi. Mama alijifunza gurudumu kwa mwanamke mmoja wa bara aliyekuwa na karakana Diani. Yule mwanamke alipohama, mama alirudi nyumbani kwetu, nyuma ya Msambweni kwenye njia ya Kikoneni, na gurudumu la kusukuma kwa mguu, matofali ya kuhimili moto, na ufundi ambao kijijini hakuna aliyewahi kuusikia. Baba, aliyekuwa fundi mwashi, alimjengea tanuri. Wakawa wanachoma vyombo kwa magadi.

Bi Mejumaa, jirani yetu, hakukosa neno.

"Mwanasha, hebu nambie. Vyombo vyako vigumu kiasi hicho, hata vipikwe kwa magadi kama kunde?"

"Njoo jioni uonje, Bi Mejumaa. Vikikushinda meno tutaongeza moto."

"Meno yenyewe yako wapi? Yamebaki mawili, na hayo hayasalimiani."

Nieleze kidogo, maana si kila mtu ameiona kazi hii, nayo si ngumu kuielewa. Vyombo vinavyochomwa namna hii havipakwi chochote kwa nje. Unavipanga tanurini vikiwa na rangi ya udongo wao, kila kimoja kimekaa juu ya vitonge vitatu vya udongo mweupe visije vikagandana na vibao vya tofali vinavyovibeba. Kuviringisha vitonge ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na niliifanya vizuri. Moto unawashwa alfajiri, kuni za mvinje na vifuu vya nazi, na unaulisha mchana kutwa. Inafika saa ukichungulia kwenye tundu huwezi kutenga chombo na moto. Vyote vimekuwa kitu kimoja. Hapo ndipo magadi, yaliyokwisha kuyeyushwa katika maji ya moto, yanapulizwa ndani kupitia matundu ya ubavuni. Sisi tulitumia bomba la kupulizia dawa mikorosho. Magadi yanageuka mvuke, yanakimbia pamoja na ndimi za moto, na kila yanapougusa udongo yanauyeyusha ule mchanga uliomo ndani yake, ukawa kioo. Kwa hiyo chombo hakivishwi mng'aro. Kinautoa mwilini mwake. Ubavu uliotazamana na moto hung'aa sana, ubavu uliojificha hubaki umefifia, na mwenye kujua kusoma atakueleza moto ulipita wapi.

Lakini utajuaje kama magadi yametosha, na tanuri limefungwa? Kwa pete. Kabla ya kila uchomaji mama alichukua vipande vinne vya udongo, akavizungusha kwenye kidole chake cha kati, akafanya pete nne, akazisimamisha nyuma ya tundu la kuchungulia. Kila baada ya duru ya magadi, baba aliingiza ufito wa chuma akaivua moja, ikitoka nyeupe kwa moto, akaitumbukiza kwenye maji. Pete ya kwanza hutoka imepauka. Ya pili huanza kuteleza kidogo. Ya nne, kama kazi imekwenda sawa, huwa na vinundu vidogo vinavyong'aa, mfano wa ganda la chungwa. Mama akiiona hiyo husema, "Fungeni." Hapo matundu yote huzibwa, na tanuri huachwa lipoe siku mbili.

Pete zile zikipoa nilipewa mimi. Nilikuwa nazo kopo zima. Na ni pete zile zilizonipotosha.

Niliona kwamba pete iliyoingia tanurini ikienea kidole cha mama, ikitoka haipiti hata kwenye kucha yake. Nilipima tena na tena. Vikombe vilikuwa hivyo hivyo, na bakuli pia. Kila kilichoingia kwenye lile tanuri kilitoka kidogo kuliko kilivyoingia. Na mwaka ule, mama naye alikuwa anakuwa mdogo. Leso iliyokuwa ikimzunguka mara moja ikaanza kumzunguka mara mbili. Mikono yake ilionyesha mifupa. Alikwenda hospitali akarudi, akaenda akarudi, na watu wazima walinyamaza nilipoingia chumbani. Hakuna aliyenieleza kitu, na mtoto asipoelezwa hujieleza mwenyewe. Nilijua ni nani anayesimama karibu na matundu akipuliza magadi, amejifunga leso mdomoni, akikohoa katika ule moshi mweupe. Nilijua majani ya kunde yalikokwenda. Nikajumlisha.

Uchomaji wa mwisho ulianzia kwenye gurudumu. Miguu ya mama ilikuwa haina tena nguvu ya kulisukuma, basi baba aliketi mkabala naye kwenye kigoda, akawa analisukuma kwa mguu wake, na mama akifinyanga. Sijaona watu wawili wakifanya kazi karibu hivyo. Alikuwa akiacha kazi ya uashi mapema ili aje kuwa miguu yake. Mama aliweka bonge kubwa la udongo katikati, akawa anafinyanga vikombe vidogo vya kahawa juu yake, anakata kimoja kwa uzi, anaanza kingine. Ishirini.

"Ni vya nani, Mama?" nikauliza.

"Vya wageni. Watakuja wengi."

"Kuna harusi?"

Mguu wa baba ukasimama. Gurudumu likapunguza mwendo, likatulia, na kikombe kikabaki katikati ya mikono ya mama kimeinama upande mmoja.

"Sukuma, babake Saumu," mama akasema taratibu. "Udongo haungoji." Kisha akanigeukia. "Si harusi, mwanangu. Lakini watakunywa kahawa. Nami nataka wanywee kazi yangu. Nataka ving'ae vyote ishirini kama ganda la chungwa, mtu akikishika ajue ameshika mkono wa nani."

Alikuwa amechoka siku ile. Kila alipokiinua kikombe kibichi, dole gumba lake lilibonyeza karibu na kitako na kuacha alama. Zamani angeifuta. Baba alipotaka kuzilainisha kwa sponji, mama akamzuia. "Ziache. Magadi yatazifunika."

Nilikwishaamua. Sikuwa na kinyongo na vikombe. Nilitaka ving'ae kama alivyotaka yeye. Lakini nilitaka zaidi abaki.

Siku ya uchomaji, mama alilazwa juu ya mkeka upande usio na moshi, mito miwili mgongoni, ili aangalie. Baba aliyeyusha magadi katika ndoo mbili. Ilipoadhiniwa adhuhuri, mama alikuwa amepitiwa na usingizi. Baba akanambia, "Saumu, lisha vifuu viwili viwili, usiongeze. Naswali narudi."

Nililisha vifuu viwili. Kisha nikaikokota ndoo ya kwanza hadi nyuma ya tanuri, nikamwaga zaidi ya nusu chini ya mpapai, nikaijaza tena maji ya kisima. Nikafanya vivyo hivyo na ya pili. Maji yale yalikuwa ya vuguvugu na yanateleza kama sabuni, na yaliniwasha hadi kwenye viwiko. Nikarudi kwenye vifuu. Baba aliporudi alinikuta nimeketi vizuri, mikono nimeificha ndani ya gauni.

"Ahsante, mama," akanambia. Baba aliniita mama aliporidhika nami.

Alasiri, mama alisisitiza apulize duru ya kwanza yeye mwenyewe. Baba alimshika kiunoni, mama akasimama, akapuliza. Moshi ulitoka kwenye dohani lakini haukuwa mzito kama siku zote. Mimi nikalia, "Mama, toka hapo! Toka!" wakadhani naogopa moto. Duru zilizofuata alipuliza baba.

Pete ya kwanza ilitoka imepauka. Hakuna aliyeshangaa. Ya pili ikatoka imepauka. Baba akaigeuza mkononi, akaitazama ndoo, akampelekea mama. Mama akaipitisha kwenye mdomo wake wa chini, kwa kuwa huko ndiko alikohisi vizuri zaidi.

"Tia tena," akasema.

Ya tatu ilikuwa kama kipande cha tofali. Baba alikuwa anatokwa na jasho hadi kwenye nyusi. "Magadi haya hayashiki, Mwanasha. Sijui yana nini."

"Yaliyobaki?"

"Ndoo hii tu. Gunia limekwisha." Magadi ya kazi ile tuliletewa kutoka mbali, hayakuwa ya kununua kwa kipande cha gazeti.

Ya nne ilikuwa na mng'ao mwembamba ukingoni, basi. Kuni zilikuwa zinakwisha. Nilimtazama mama. Nilitaka aseme "Fungeni," nione amepona. Mwishowe akasema neno lile kwa sauti ambayo sikuizoea, na baba akaanza kuziba matundu.

Tulifungua siku ya tatu. Vikombe vilitoka vizima vyote ishirini, hakuna hata kimoja kilichopasuka wala kuganda. Vitonge vyangu vilifanya kazi yake. Lakini nje vilikuwa vikavu, rangi ya ngozi ya muhogo, vinakwaruza mkono. Ndani tu, tulikopaka kioo kwa brashi, ndiko kulikong'aa. Baba alivipanga mbele ya mkeka kimoja kimoja kama anayeomba radhi. Mama alichukua kimoja, akakizungusha.

"Labda gunia lilivuta maji ya mvua," akasema. "Si kosa lako." Akageuza uso ukutani, na mimi nikasubiri anenepe.

Baada ya siku chache mpapai ukaanza kujikunja majani. Chini yake udongo ulikuwa umefanya ukoko mweupe, kama chumvi ukingoni mwa bahari. Niliufukia kwa mchanga. Asubuhi ya pili ulikuwa umepanda tena. Mama, ambaye siku hizo alitolewa nje kuota jua, alikuwa akiutazama.

"Saumu."

"Labeka, Mama."

"Njoo hapa. Nionyeshe mikono yako." Ngozi ya viwiko ilikuwa imebabuka. Akaishika, akaigeuza kama alivyogeuza kikombe. "Uliyamwaga kwa nini?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kofi, na kofi ningeliweza. Sikuwa nimejitayarisha kuulizwa. Nikalia kwanza, kisha nikamweleza yote: pete, kunde, leso, moshi. "Yanakula, Mama. Yanakupunguza. Nilitaka yasikumalize."

Hakucheka. Nimeishi nikishukuru kwamba hakucheka. Alinituma kopo langu la pete, akatoa moja, akaokota na kipande cha udongo mbichi, akaanza kunifundisha, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Tazama. Udongo mbichi una maji katikati ya chembe zake. Chembe zimetengana, kila moja imekaa peke yake. Moto ukiingia, maji yanatoka, chembe zinasogeleana, zinashikana. Ndiyo maana pete inakuwa ndogo. Haikuliwa. Imeshikana. Na ikishashikana hivyo, hata uirudishe motoni mara kumi, haipungui tena. Umefahamu?"

"Na magadi?"

"Magadi yanakuja mwisho, wakati chombo kimekwisha kuwa kidogo. Yanakipa uso wake tu. Hayamli mtu."

"Basi wewe unapungukia wapi?"

Akaitia ile pete kidoleni mwangu, ikaingia. "Mimi ni maradhi, mwanangu. Si tanuri, si magadi, si wewe. Na hayana dawa waliyoipata. Ningekwambia mapema. Kosa hilo ni langu." Kisha akanambia, kwa sauti ya fundi kwa fundi, "Vile vikombe havijaharibika. Kikombe kikavu kinaweza kurudi motoni kikapewa magadi yake. Utavirudisha wewe, ukishaijua kazi. Na babako tusimwambie. Atajilaumu kwa kwenda kuswali."

Hakuuona mwezi ule ukiisha. Alizikwa siku ile ile aliyofariki, baina ya adhuhuri na alasiri, na wageni wakaja, wengi, kama alivyosema. Hapo ndipo nilipofahamu vikombe vilikuwa vya nini. Vilipitishwa barazani juu ya sinia, vikavu, vimepauka, wanaume wakivishika na kunywa bila kuviangalia. Mzee mmoja alikigeuza chake akauliza, "Hivi vimemalizwa kweli?" Baba akajibu, "Kunywa kahawa, mzee wangu," akapita. Ndani, Bi Mejumaa alikuwa amekipakata kimoja mapajani kwa mikono yote miwili, hanywi.

Nilikiokota kimoja kilichoachwa ukingoni mwa baraza. Karibu na kitako nikaikuta alama yake. Ilikuwa imepungua motoni kama kila kitu, na dole gumba langu la miaka tisa likaingia mle sawasawa.

Kazi niliijua, ingawa ilinichukua miaka. Kwa yeyote anayejifunza na kukata tamaa, namhakikishia: matanuri yangu matatu ya mwanzo yalikuwa aibu tupu, na mikono hufahamu polepole kuliko masikio. Baba hakuliwasha tena tanuri la mama. Nililiwasha mimi, nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Kati ya vile vikombe ishirini vilikuwa vimebaki vinne. Nikatia vitatu pamoja na kazi yangu. Magadi yalishika. Pete ya nne ilitoka na vinundu vyote, na tulipofungua, vile vitatu vilikuwa na rangi ambayo mama aliitafuta maisha yake yote, chungwa ubavu mmoja, kijivu cha mvua ubavu wa pili, na matone ya kioo yamesimama ukingoni.

Nilimpelekea baba kwenye sinia. Alikuwa amezeeka, macho yana ukungu, lakini vidole vya mwashi havisahau. Alikichukua cha kwanza akakizungusha taratibu, akipapasa chini karibu na kitako. Akakiweka. Akachukua cha pili, kisha cha tatu. Akarudi kwenye cha kwanza.

"Vimependeza," akasema. "Dole lake liko wapi?"

Nikakichukua. Nikapapasa. Kioo kilikuwa kimejaa pale mahali, kizito na laini.

Nikamweleza, basi, yote niliyoyaficha: ndoo mbili, adhuhuri, mpapai. Nilieleza kama mtoto wa miaka tisa, bila mpangilio. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mpapai ule niliupanda mimi, Saumu," akasema. "Ulidhani sikujua ulikufa kwa nini?"

Baba ametangulia mwaka huu. Kile kikombe cha nne ninacho, kikavu, kimekaa dirishani jikoni, karibu na kifurushi cha magadi. Kila nikipanga tanuri hukichukua, nikakiviringishia vitonge vyake vitatu, nikakifikisha hadi mlangoni, kwa kuwa ndivyo mama alivyoniagiza. Kisha hukirudisha. Siku ile nilipotoka sokoni, kunde zikichemka, nilikishika nikaitafuta ile alama kwa dole gumba langu. Haliingii tena. Alama haikupungua, mama alisema kweli, udongo ulioshikana haupungui mara ya pili. Ni mimi niliyekua.